Hawaungani wasiohitajiana

Kila Jumuiya ya Afrika Mashariki inapompokea mwanachama mpya, vifijo na vigelegele husikika kutoka Arusha hadi vijijini mwetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, tuliambiwa kwamba soko letu sasa limetanda toka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki. Nasi walimu wa lugha tulikuwa na vigelegele vyetu vya ziada, kwani mnamo Februari 2021 wakuu wa nchi wanachama walikuwa wamekubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Tangu hapo wanafunzi wangu wengi huandika katika insha zao kwamba kazi imekwisha, kwamba watu wenye lugha moja hawawezi kukosa kuwa kitu kimoja.

Laiti ingekuwa hivyo! Mimi ni mwalimu wa isimu, na lugha ndiyo inayonilisha. Hata hivyo, ninalazimika leo kusema neno linalokwenda kinyume na masilahi ya fani yangu. Lugha moja haijengi umoja mahali ambapo watu hawana cha kupeana. Asiyeamini na anifuate hadi visiwa vya Karibiani, kwa maana wahenga walinena kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Jamaica, Trinidad, Barbados na visiwa kadhaa vidogo, pamoja na Guyana iliyoko bara la Amerika ya Kusini, vilitawaliwa na Mwingereza kwa miaka mingi. Wakazi wake wengi ni vitukuu vya Waafrika waliosafirishwa kwa minyororo kwenda kulima miwa. Katika Trinidad na Guyana wapo pia vitukuu vya Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830. Watu hawa wote walisomeshwa Kiingereza. Sheria zao zilitoka chungu kimoja. Mchezo wao ni kriketi, na timu yao ya kriketi ni moja hadi leo. Mwaka 1948 walifunguliwa chuo kikuu kimoja, kule Mona nchini Jamaica, ili kiwahudumie wote. Kama lugha, shule na mchezo vingetosha kuwafanya watu taifa moja, basi hawa wangekuwa taifa moja kabla ya mtu yeyote.

Walijaribu. Tarehe 3 Januari 1958 lilizaliwa Shirikisho la West Indies, lenye makoloni 10 na makao makuu katika kisiwa cha Trinidad. Mnamo Septemba 1961 wananchi wa Jamaica waliulizwa kwa kura ya maoni kama wangependa kubaki humo, na asilimia 54 ya waliopiga kura wakasema la. Dkt Eric Williams, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Trinidad na mwanahistoria mashuhuri, alipiga hesabu yake ya ajabu kwamba ukitoa moja katika kumi hubaki sufuri. Trinidad nayo ikajiondoa. Tarehe 31 Mei 1962 Shirikisho lilizikwa rasmi, halijafikisha hata umri wa mtoto wa kuanza shule.

Kwa nini? Vitabu vya historia hutaja uhasama wa viongozi, hususan kati ya Norman Manley na Alexander Bustamante wa Jamaica, na vilevile udhaifu wa serikali ya shirikisho ambayo haikuwa na mfuko wa maana. Hayo ni kweli. Lakini hebu tujiulize swali dogo la sokoni: huyo Mjamaika alikuwa akinunua nini kutoka kwa Mbarbados? Sukari? Anayo. Ndizi? Anazo. Na Mbarbados alikuwa akihitaji nini cha Mjamaika? Mkono mtupu haulambwi, na mikono ya majirani hawa, japo ilijaa mazao, ilikuwa mitupu mbele ya jirani, kwa kuwa kila mmoja alishika kile kile alichoshika mwenzake na wote walikuwa wamemnyoshea mnunuzi mmoja aliye ng'ambo.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1640 matajiri wa Barbados waligundua kuwa miwa inalipa kuliko chochote. Wakaipanda kila mahali, hata ikawa ardhi ni ghali mno kuotesha chakula, na chakula kikaagizwa kutoka makoloni ya Amerika ya Kaskazini. Watumwa walilishwa samaki wa chumvi kutoka bahari za baridi za kaskazini, ilhali wao wenyewe walizungukwa na maji pande zote. Kumbukumbu ya jambo hilo ingali mezani: chakula cha taifa cha Jamaica hadi leo ni tunda liitwalo aki likipikwa pamoja na samaki huyo wa chumvi wa kuagizwa. Sukari nayo haikusafishwa visiwani. Ilisafirishwa ikiwa ghafi, kwa sababu ushuru wa Uingereza ulipangwa ili usafishaji na faida yake vibaki London na Bristol. Njia zilitoka mashambani zikaelekea bandarini, na bandari zikaelekea Ulaya. Kisiwa kilimjua bwana wake wa mbali kuliko kisiwa jirani kilichoonekana kwa macho siku ya mbingu safi.

Mfumo huu ndio wataalamu wa huko waliouita uchumi wa mashamba makubwa. Lloyd Best wa Trinidad na mwenzake Kari Polanyi Levitt waliuchambua, na George Beckford wa Jamaica akaandika kitabu kizima mwaka 1972 kuhusu umaskini usiokwisha ambao mfumo huo huuzaa. Hoja yao, kwa muhtasari, ni kwamba shamba kubwa si eneo la ardhi lenye mipaka tu. Ni mpango wa maisha. Huamua nini kilimwe, nani akisafirishe, nani akipe bei, shule zifundishe nini, na hata mtu atamani kula nini. Bendera inaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja, nao mpango huo ukaamka asubuhi ukiwa mzima.

Mimi nilielewa maneno hayo kabla sijayasoma. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la majani chai, upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Baba alikuwa mchumaji. Jioni, majani aliyoyachuma yalipimwa kwenye mizani mbele ya karani na nyapara, kisha yakapakiwa kwenye trekta kwenda kiwandani, na kutoka kiwandani magunia yakateremka hadi Mombasa. Chai tuliyoinywa sisi nyumbani ilikuwa vumbi lililobaki, tukilinunua kwa mkopo katika duka la kambini. Sukari ilitoka mbali, unga ulitoka mbali. Tulizungukwa na kijani kibichi hadi upeo wa macho, na hapakuwa na mche mmoja wa mahindi tuliouita wetu, kwani kulima kando ya nyumba zaidi ya vijimatuta vya sukuma hakukuruhusiwa.

Isitoshe, tazama maneno tuliyorithi. Kipande kilikuwa cheti ambacho mfanyakazi Mwafrika katika Kenya ya kikoloni alilazimika kutembea nacho shingoni, na hadi leo wazee wetu huita kitambulisho kipande. Manamba ni jina walilopewa vibarua wa mashamba ya mkonge kule Tanganyika, na limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nambari, kwa sababu mtu alihesabiwa kwa nambari yake badala ya kuitwa jina. Mkonge wenyewe uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika 62 tu ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakazuka mashamba yaliyowakusanya watu kutoka kila pembe ya eneo hili. Lugha haisahau. Sisi ni binamu wa Karibiani hata pale ambapo hatujui.

Tuwarudie basi tuone walivyofanya baada ya mazishi ya Shirikisho. Mwaka 1967 wanauchumi wawili wa Guyana, Havelock Brewster na Clive Thomas, walitoa utafiti uliosema waziwazi kwamba kufuta ushuru baina ya majirani wasiozalisha chochote cha kuuziana ni sawa na kufungua mlango wa ghala tupu. Walipendekeza nchi hizo zizalishe kwa pamoja: huyu atoe malighafi, yule nishati, mwingine kiwanda, na wote wawe soko. Serikali zilichagua njia nyepesi. Mwaka 1968 zikaunda eneo la biashara huria, na tarehe 4 Julai 1973 Barbados, Guyana, Jamaica na Trinidad na Tobago zikatia saini Mkataba wa Chaguaramas ulioanzisha Jumuiya ya Karibiani.

Mara moja tu walikaribia kuifuata ile njia ngumu. Jamaica na Guyana zina bauksiti, yaani udongo unaotoa alumini. Trinidad ina gesi. Mwaka 1974 serikali hizo tatu zilikubaliana kujenga kiwanda cha pamoja cha kuyeyushia alumini, ili udongo uliokuwa ukisafirishwa ghafi kama sukari ya kale uongezwe thamani nyumbani. Mwaka uliofuata Jamaica ilikuwa imekwisha kufanya mapatano mengine na Venezuela na Mexico, Dkt Williams akaghadhibika, na mradi ukafa. Kila mmoja alikuwa amemwamini mnunuzi wa mbali kuliko nduguye. Hiyo ndiyo tabia ambayo shamba kubwa huwafunza watu kwa karne tatu, na haiondolewi kwa saini.

Malipo ya tabia hiyo yalikuja. Visiwa vya Dominica, St Lucia, St Vincent na Grenada vilikuwa vimegeuzwa visiwa vya ndizi, na ndizi hizo ziliuzwa Uingereza kwa upendeleo ambao baadaye ulilindwa na Mkataba wa Lomé wa 1975. Walimaji wake walikuwa wakulima wadogo wenye mashamba yao, lakini mfumo ulikuwa ule ule wa zao moja, meli moja na mnunuzi mmoja. Mwaka 1996 Marekani, ambayo haisafirishi ndizi za maana ila makampuni yake yalilima Amerika ya Kati, ilijiunga na Ecuador, Guatemala, Honduras na Mexico kuushtaki upendeleo huo mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1997 ikashinda. Maelfu ya wakulima waliacha ndizi. Sukari nayo ilifuata: Trinidad ilifunga kampuni yake ya taifa ya sukari mwaka 2003, na St Kitts ikavuna miwa yake ya mwisho mwaka 2005. Hukumu iliyotolewa Geneva ilizima majiko ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na soko la mbali halimwokoi mkulima siku ya dhiki.

Viongozi wa Karibiani wamelitambua hilo. Waliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 25 gharama ya chakula wanachoagiza kutoka nje kufikia mwaka 2025, na ulipofika wakajiongezea muda hadi 2030. Ardhi ile ile iliyokatazwa kuotesha chakula katika miaka ya 1640 ndiyo inayobembelezwa leo ikioteshe.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya visiwa vidogo, yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwaka 1964, kabla ya Jumuiya yetu ya kwanza, Kenya, Uganda na Tanganyika zilifanya Mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda. Tanganyika ingetengeneza matairi na kuunganisha redio, Uganda ingetengeneza baiskeli na mbolea, Kenya ingetengeneza balbu za umeme. Ilikuwa ndiyo ile njia ngumu ya Brewster na Thomas, tena miaka mitatu kabla hawajaiandika. Kenya haikuyaidhinisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa na kiwanda cha matairi Arusha na kingine Nairobi, vyote vikigombania soko lisilotosha viwili. Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa 1967 ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Siasa za Amin na tofauti za itikadi zilichangia, lakini manung'uniko makuu yalikuwa kwamba Kenya inauza na wenzake wananunua.

Ajabu ni kwamba wanazuoni wa Karibiani walikuwa wakifundisha hapa hapa tulipokuwa tukirudia makosa yao. Walter Rodney alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika alikiandikia pale. Clive Thomas naye alifundisha pale pale katika miaka ya 1970. Maji yalikuwa mlangoni, sisi tukafa na kiu.

Na leo je? Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hukutana katika mnada mmoja wa Mombasa. Huo ungeweza kuwa mkutano wa ndugu. Lakini hukutana pale kama washindani, ikinadiwa kwa dola, na sehemu kubwa huondoka kwa wingi bila kufungashwa ili ichanganywe na kuwekewa jina la biashara ughaibuni. Kahawa ni vivyo hivyo. Kisha linapokuja suala la kile ambacho kwa kweli tunauziana, yaani mahindi, maziwa, sukari na mayai, hapo ndipo vizuizi huota kama uyoga. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa kisa cha sumu ya kuvu, kabla ya kulegeza amri hiyo kwa masharti siku chache baadaye. Sumu ni jambo la hatari, na sitetei mahindi mabovu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini majirani hawakuwa tayari wamejenga maabara ya pamoja na maghala ya kukaushia nafaka mpakani, iwapo kweli ni soko moja?

Watakuwapo watakaonijibu kwamba mashamba haya hutuletea fedha za kigeni na ajira. Sikatai. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye kikapu cha baba, na sitawaambia watu wang'oe michai kesho. Lakini mtu anayetegemea mguu mmoja hana budi kujifunza kutumia na wa pili. Fedha hizo zikitumiwa kununua kutoka mbali kile ambacho jirani angetuuzia, basi tunachuma kwa mkono wa kulia na kumwaga kwa mkono wa kushoto.

Sasa niirudie lugha, maana sikuja kuidharau. Kisiwa cha Martinique, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, kiko katikati ya Dominica na St Lucia, ambazo lugha yao rasmi ni Kiingereza. Mikataba iliwatenga. Lakini watu wa kawaida wa visiwa hivyo vitatu huzungumza Kikreoli kinachoelewana, lugha iliyozaliwa mashambani humo miongoni mwa watumwa. Wanawake wa Dominica kwa miaka mingi wamepakia ndimu, viazi na ndizi katika vyombo vya baharini na kuzipeleka visiwa jirani, bila kungoja wakuu wa nchi wakutane. Mnamo Februari 2025 Martinique ilitia saini makubaliano ya kuwa mwanachama mshiriki wa Jumuiya ya Karibiani. Serikali zilifika mahali ambapo wachuuzi walikuwa wamekwisha kufika zamani.

Kambini kwetu mambo yalikuwa hayo hayo. Waliishi humo Waluo, Wakisii, Waluhya na Wakipsigis. Hakuna aliyewafundisha Kiswahili, na kwa hakika hakikuwa sanifu. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikitandika kwa kiboko. Lakini mama alihitaji kuomba kaa la moto kwa jirani, na jirani alihitaji mtu wa kumshikia mtoto wakati wa zamu. Haja ndiyo iliyokizaa Kiswahili kile. Sikuwahi kuona lugha ikistawi mahali ambapo watu hawakuwa na haja ya wenzao, na katika miaka yangu yote ya kuichunguza lugha hilo ndilo jambo ninaloweza kuliapia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mnapofundisha sura ya ushirikiano wa kikanda, msiishie kwenye tarehe za mikataba na rangi za bendera. Wapeni wanafunzi ramani ya reli na bandari, wafuatishe kwa kalamu kila njia inakoelekea. Waulizeni nyumbani kwao hutumika bidhaa gani iliyotengenezwa Uganda, Tanzania au Rwanda, na ni ipi ingeweza kutengenezwa huko lakini inatoka ng'ambo. Nanyi wanafunzi, mtakapokuwa wakubwa wa wizara na viwanda, kumbukeni kile kiwanda cha alumini kilichokufa kabla hakijajengwa, na yale matairi ya Arusha na Nairobi.

Tuna lugha tayari, jambo ambalo wengi duniani wangelitamani. Kilichobaki ni kuwa na la kuambiana kwa lugha hiyo zaidi ya salamu: bei ya mbolea yako, ubora wa mahindi yangu, siku ambayo kiwanda chetu kitafunguliwa. Baba yangu alichuma chai kwa miaka 26 na hakupata kumjua hata mtu mmoja aliyeinywa. Nisingependa wajukuu wake waimbe wimbo wa Jumuiya kwa Kiswahili fasaha, kisha wageuke kila mmoja kutazama bandarini.